Mraba wa Maili Sita na Watu Wasiofika Mia

Usingizi ulikuwa umekataa, nami nilikuwa nikipekua picha za setilaiti za North Dakota kwenye simu bila sababu ya maana. Nilifuata barabara moja ya changarawe inayokwenda kaskazini. Shamba kushoto, shamba kulia, njia panda kila baada ya maili moja, kisha shamba tena. Imenyooka mpaka macho yanachoka.

Ghafla ikakatika. Ikapiga kona kali kushoto, ikaenda mita kadhaa, ikapiga kona nyingine kulia, halafu ikaendelea na safari yake ya kaskazini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilitafuta mto. Hakuna. Nikatafuta kilima, bwawa, reli, hata mti mmoja mkubwa ambao huenda fundi aliuonea huruma.

Hakuna.

Nikasogeza picha mashariki. Barabara ya pili nayo imekatika, tena kwenye mstari uleule. Na ya tatu. Na ya nne.

Kona zile zilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Nikaanza kusoma juu ya barabara, nikajikuta nasoma juu ya watu, hasa namna wanavyohesabiwa mahali ambapo wamebaki wachache mno.

Mraba ulitangulia

Mpaka tuliouzoea hufuata kitu: mto, bonde, mgongo wa mlima, au ugomvi wa zamani wa koo mbili. Kata ya mashambani ya Marekani, township kama wenyewe wanavyoiita, mara nyingi haifuati chochote kati ya hivyo. Katika sehemu kubwa ya majimbo ya kati ni mraba wa maili sita kwa sita, kilomita za mraba 93 hivi, na mistari yake ilipigwa kabla mlowezi wa kwanza hajashusha mizigo.

Sheria iliyoagiza miraba hiyo ilipita tarehe 20 Mei 1785. Vita vya uhuru vilikuwa vimekwisha, serikali changa ilikuwa na madeni shingoni, na mali iliyokuwa ikijivunia ni ardhi ya magharibi. Lakini utamuuziaje ardhi mtu asiyewahi kuiona, aliyekaa New York? Lazima uweze kuitaja kwa namba. Kamati iliyoongozwa na Thomas Jefferson mwaka 1784 ilifikiria miraba ya maili kumi. Iliyopita ni ya maili sita, ikagawanywa katika vitalu 36, kila kitalu maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Bei ya kuanzia ilikuwa dola moja kwa ekari.

Kitalu namba 16 hakikuuzwa. Kilitengwa kwa ajili ya shule.

Hapo nilisimama kidogo. Hakuna mtoto, hakuna mwalimu, hakuna hata njia ya mguu ya kufikia kitalu hicho, lakini shule tayari ina ekari 640 kwenye karatasi. Sijui niite maono au kiburi. Pengine ni vyote viwili.

Upimaji ulifanywa kwa mnyororo wa chuma wenye urefu wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja. Thomas Hutchins alianza kupima tarehe 30 Septemba 1785 kwenye ukingo wa mto Ohio, karibu na mahali ulipo leo mji wa East Liverpool. Hakufika mbali. Muda mfupi baadaye kazi ilisimama, kwa sababu wapimaji waliogopa kushambuliwa.

Kushambuliwa na nani, kama nchi ilikuwa tupu?

Wasiohesabiwa

Haikuwa tupu. Washawnee, Wamiami, Walenape na wengine waliishi humo, walilima mahindi humo na kuzika wazee wao humo. Novemba 1791 muungano wao ulilichakaza jeshi la Jenerali Arthur St. Clair, kipigo kikubwa kuliko vyote ambavyo jeshi la Marekani lilipata mikononi mwa wenyeji. Miaka minne baadaye, baada ya kushindwa katika pigano la Fallen Timbers, walitia saini mkataba wa Greenville na kuachia sehemu kubwa ya Ohio.

Kinachonisumbua ni daftari. Katiba ya Marekani iliwaondoa katika hesabu ya uwakilishi wale iliowaita Wahindi wasiotozwa kodi, na sensa ya kwanza ya mwaka 1790 iliwaruka. Kwa hiyo ukisoma historia ya idadi ya watu wa kata kama hizi, utaona safu inaanzia kwa walowezi, na juu yake kuna nafasi nyeupe. Msomaji wa haraka huielewa nafasi hiyo kama sifuri.

Si sifuri. Ni watu ambao karani hakuagizwa kuwaandika.

Dunia haikubali mraba

Sasa kona.

Mistari inayokwenda kaskazini haiendi sambamba. Yote inaelekea ncha moja ya dunia, kwa hiyo kila hatua unayopiga kwenda juu inaisogeza karibu zaidi. Jaribu kulivika chungwa karatasi ya hesabu, utaona miraba inavyojikunja. Nilipiga hesabu ya North Dakota, kwenye latitudo ya 47 hivi: upande wa kaskazini wa kata ya maili sita unakuwa mfupi kuliko wa kusini kwa mita kama 15. Si kitu kwa anayetembea. Lakini panga kata nne, moja juu ya nyingine, na upungufu wao kwa jumla unapita mita 60.

Wapimaji walilijua hilo. Utaratibu uliokuja kukubalika ni kwamba kila maili 24 wanapiga mstari mpya wa mashariki hadi magharibi, na juu ya mstari huo wanaanza kupima upya maili sita kamili. Mistari ya chini inafika ikiwa imebanana, ya juu inaanza ikiwa imeachana. Hazikutani. Barabara iliyojengwa juu ya mpaka wa kitalu haina la kufanya ila kupiga kona mbili.

Ndani ya kila kata nako kuna mahali pa kuficha tofauti. Upungufu, au ziada, husukumwa kwenye vitalu vya safu ya kaskazini na safu ya magharibi, ili vilivyobaki vitimie ekari 640 au vikaribie sana. Kwa hiyo ukisikia kwamba eneo la kata fulani ni maili za mraba 36, sikia pia kwamba kuna mkulima wa kona ya kaskazini-magharibi aliyenunua "kitalu" na kupata pungufu.

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza. Swali lilikuwa la barabara, jibu limepatikana. Lakini katika maelezo ya kata hizi eneo huandikwa jirani na idadi ya watu, kwa sauti ileile ya uhakika, na nilikuwa nimeshaonyeshwa kwamba eneo lina siri zake.

Robo kwa kila familia

Hesabu ya awali ya kuijaza miraba ilikuwa rahisi. Sheria ya Homestead ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, robo ya kitalu, akikaa miaka mitano na kuiendeleza. Robo nne kwa kitalu, vitalu 36: familia 144. Toa vitalu vya shule, toa mabwawa na ardhi ya reli, bado unapata mamia ya watu kwa kata. Watoto wa kujaza darasa. Kanisa. Duka la njia panda.

Sehemu nyingi zilikaribia kufika. Chukua kaunti ya Slope, kusini-magharibi mwa North Dakota: mwaka 1920 ilikuwa na watu karibu 5,000. Sensa ya 2020 iliwakuta 706, katika eneo la maili za mraba zipatazo 1,200. Gawanya na utaona kwamba mraba mmoja wa maili sita una wastani wa watu 21.

Watu ishirini na mmoja, katika kilomita za mraba 93.

Sababu zinajulikana na sitazirudia zote. Robo ya kitalu iliyotosha kulisha familia Ohio, kwenye mvua, haikutosha kwenye nyanda kavu. Ukame wa miaka ya 1930 uliwafukuza wengi. Trekta likafanya kazi ya wanaume kadhaa. Mwaka 1935 Marekani ilikuwa na mashamba karibu milioni 6.8, sensa ya kilimo ya 2022 ilihesabu milioni 1.9, na wastani wa shamba umefika ekari 463. Hata wastani huo unadanganya huku kwenye ngano, ambako mtu analima vitalu kadhaa na bado anamwangalia jirani yake mzee kwa jicho la lini atauza.

Kwa hiyo ardhi haikuachwa. Hili ni rahisi kulikosea ukitazama namba za watu peke yake. Kila ekari bado inalimwa au inalishwa ng'ombe, pengine kwa mavuno makubwa kuliko zamani. Waliopungua ni watu.

Barabara hazikuhama

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka, na namshukuru mtu wa kwanza aliyeamua kwamba barabara za vijijini zifuate mipaka ya vitalu.

Sheria ya North Dakota inaacha wazi futi 33 kila upande wa mstari wa kitalu kwa matumizi ya umma. Jumla ni futi 66, upana wa mnyororo mmoja wa mpimaji. Kila kitalu kina pande nne, kila upande unashirikiwa na jirani, kwa hiyo kila kitalu kinabeba maili mbili za njia. Zidisha kwa 36. Kata moja ina maili 72 za njia kwenye karatasi, kilomita 116.

Si zote zilizojengwa. Nyingine ni majani tu, nyingine zinaishia bwawani. Tufanye nusu ndiyo inayotunzwa, na kata ina watu 40. Hapo kila mkazi, pamoja na mtoto anayenyonya na bibi asiyetoka nje, anatunza karibu maili moja ya barabara.

Greda. Changarawe. Makalvati. Theluji ya miezi mitano. Na malori ya nafaka ambayo leo ni mazito mara nyingi kuliko mkokoteni ambao njia ile ilipigwa kwa ajili yake.

Ndiyo maana nasema idadi ya watu peke yake haielezi mahali kama hapa. Mji ukipoteza nusu ya watu wake unaweza kufunga mtaa, kuuza jengo. Kata iliyotawanyika haiwezi kufunga nusu ya kila barabara. Familia ya mwisho kwenye njia ya maili nne inahitaji maili zote nne.

Lakini usikimbilie kuwahurumia. Kodi ya ardhi hufuata ardhi, na ardhi ipo, tena ina bei. Kata yenye watu 40 inaweza kuwa na vitalu vyenye thamani ya mamilioni ya dola. Tatizo ni kwamba wengi wa wenye ardhi hawaishi humo. Mrithi yuko Minneapolis au Arizona. Analipa kodi lakini hapigi kura kwenye mkutano wa kata, kwa sababu kura ni ya mkazi. Mkazi aliyepanga nyumba anapiga kura juu ya kodi asiyoilipa moja kwa moja. Nimejaribu kuamua ni nani kati yao ananyimwa haki. Bado nageuka geuka.

Mtu mmoja ni asilimia mbili na nusu

Maelezo ya kata ndogo hupenda asilimia. Asilimia kadhaa wana umri wa miaka 65 na zaidi. Asilimia 2.5 ni wa asili fulani. Umri wa kati ni huu.

Katika kata ya watu 40, asilimia 2.5 ni mtu mmoja.

Soma sentensi hizo tena ukijua hivyo. Asilimia 2.5 waliojiandikisha kuwa wa asili ya Asia ni mwanamke fulani, na majirani wote wanamjua, na kama hakumwambia mtu umri wake basi jedwali limekaribia kumsemea. Kaya moja yenye mama anayelea watoto peke yake si takwimu, ni nyumba ya tatu baada ya makaburi. Takwimu zilibuniwa kumficha mmoja ndani ya wengi. Wengi wakikosekana, jedwali linakuwa dirisha.

Ofisi ya Sensa ya Marekani iliona hatari hiyo, na haikuwa ya vijijini pekee. Wataalamu wake walichukua majedwali yaliyochapishwa ya sensa ya 2010 na kuyarudisha nyuma kwa kompyuta, wakijenga upya rekodi za mtu mmoja mmoja. Walipozilinganisha na data za kibiashara waliweza kuthibitisha utambulisho wa takribani asilimia 17 ya watu wote nchini. Sheria inawataka walinde siri za wahojiwa. Majina hutolewa baada ya miaka 72. Ya mwaka 1950 yalifunguliwa Aprili 2022.

Kwa sensa ya 2020 wakachukua njia mpya. Jumla ya kila jimbo iliachwa kama ilivyohesabiwa. Chini ya hapo, kuanzia kaunti hadi kata hadi kitongoji, namba ziliongezwa au kupunguzwa kidogo kwa bahati nasibu, kwa kanuni ya kihisabati inayopima siri kiasi gani inavuja.

Kwenye jiji, mtikisiko wa watu watatu haumwamshi mtu. Kwenye kata ya watu 21 ni jambo jingine.

Monowi

Mfano unaojulikana hauko kwenye kata bali kwenye kijiji cha Monowi, Nebraska. Sensa ya 2010 ilikuta mkazi mmoja, mwanamke mzee anayeendesha baa na maktaba ya hapo. Sensa ya 2020 ikachapisha wawili. Waandishi wa habari walipomuuliza alisema yuko peke yake. Ofisi haikukosea kuhesabu; ilimwongezea mwenzake wa kihisabati ili asionekane waziwazi.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, maana ule ulinzi ulikuwa umefanya kazi yake kwa mtu ambaye haikumsaidia hata kidogo. Dunia nzima inajua kwamba anaishi peke yake. Ndiyo sifa ya kijiji.

Kuna ajabu nyingine. Idadi ya nyumba haikutikiswa, ya watu ilitikiswa, na matokeo yake ni vitongoji ambavyo kwenye majedwali vina watoto bila mtu mzima hata mmoja, au watu wakiwa mahali pasipo na nyumba inayokaliwa. Jimbo la Alabama lilikwenda mahakamani mwaka 2021 kuupinga utaratibu huo, bila mafanikio. Waliobobea wanakushauri usome vitongoji kwa mafungu, sio kimoja kimoja. Ushauri mzuri kwa mtafiti. Kwa katibu wa kata anayejaza fomu ya ruzuku inayouliza "idadi ya wakazi, sensa ya mwisho", ni ushauri wa kejeli: anawajua wote kwa majina, na analazimika kuandika namba isiyo yao.

Nimegeuza upande wangu mara kadhaa katika hili. Mwanzo nilikuwa na katibu. Halafu nilimkumbuka yule mmoja wa asilimia 2.5 na nikahamia upande wa ofisi. Sasa nadhani ofisi iko sahihi juu ya asilimia na imekosea juu ya jumla. Umri, asili, ndoa, aina ya kaya: tikisa, vuruga, ficha. Lakini jumla ya watu wa kata, namba moja tu, ingeachwa ilivyo, kama ilivyoachwa ya jimbo. Najua jibu la wanahisabati: kila namba halisi unayoitoa inakula sehemu ya siri. Ningekubali gharama hiyo.

Jumanne ya Machi

Marekani bado ina serikali za kata na miji ya aina hii zaidi ya 16,000. Huko Minnesota, kwa sheria, zinafanya mkutano wa mwaka Jumanne ya pili ya Machi. Wakazi wenye haki ya kupiga kura wanakaa kwenye ukumbi na kupitisha wenyewe kiwango cha kodi ya mwaka. Mabishano ni ya changarawe, magugu, uzio wa makaburi, gari la zimamoto la kushirikiana na jirani.

Kata inahitaji wasimamizi, kwa kawaida watatu, pamoja na katibu na mweka hazina. Watano. Kwenye mraba wenye watu 21, ukitoa watoto, wagonjwa na yule aliyegombana na kila mtu, uchaguzi unageuka kuwa zamu. Baadhi zimeshindwa kupata wa kushika nafasi, zikapiga kura ya kujivunja, na kaunti ikachukua barabara. Kwenye ramani ya sensa eneo kama hilo huandikwa kuwa halina serikali yake, ingawa wapimaji bado wanaliita kwa namba zilezile za kata na safu, na hati za mashamba bado zinasema robo ya kaskazini-magharibi ya kitalu fulani.

Zipo zinazokataa kujivunja hata zikibaki na kaya kumi. Nilidhani ni fahari. Kisha nikafikiria asubuhi ya baada ya dhoruba ya theluji: greda likiwa la kata, au kata ikiwa na mkataba na mwenye greda, watu kumi wanaamua waanze na njia ipi. Likiwa la kaunti, anayeamua yuko umbali wa maili 40, na njia yenye nyumba moja haiwezi kuwa ya kwanza kwenye orodha yake.